Mrija wa mbegu wa miaka sita: bado uko hai? Maabara wanavyopima, na wewe unavyoweza kujua

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Dongobesh alinitumia picha ya mrija mtupu wa mbegu ya dume la Friesian, ameushika kwa vidole viwili, nyuma yake linaonekana zizi safi la mbao. Chini ya picha ameandika: "Bwana mifugo, soma tarehe hapo. Ni miaka sita nyuma. Ng'ombe wangu kapandishwa mara tatu na mara tatu karudi. Si nimeuziwa mbegu iliyokwisha muda?"

Nilimjibu kwa simu siku ile ile, lakini jibu lilikuwa refu kuliko salio langu. Na si yeye peke yake. Daudi, Tlawi, Haydom, Katesh, Bassotu, kote nakutana na swali hilo hilo: kitu kilichogandishwa kinakaa muda gani kabla hakijaharibika, na nani anajua? Tukiwa Tengeru tulifundishwa jambo hili kwa kipindi cha mchana mmoja. Mimi binafsi nimelielewa baadaye, baada ya kufanya kosa ambalo nitalieleza hapa chini. Kwa hiyo leo mnivumilie, makala ni ndefu.

Jibu fupi kwa kijana wetu ni hili: miaka sita si tatizo, hata ishirini si tatizo. Mbegu iliyogandishwa vizuri na kutunzwa vizuri haihesabu miaka. Inachohesabu ni sekunde ilizokaa nje ya baridi yake. Shida ni kwamba mrija uliokufa na mrija ulio hai vinafanana kabisa. Rangi ile ile, maandishi yale yale, ugumu ule ule. Ukiuweka mezani hata profesa hawezi kukuambia kwa macho upi ni upi. Ndiyo maana maabara wana kazi ya kupima, na ndiyo maana hata wewe una sehemu yako kwenye kipimo hicho, ingawa pengine hujui.

Kwanza, kinachoua ni nini?

Chukua nyanya nzuri, iweke kwenye friza hadi iwe jiwe, kisha iache iyeyuke mezani. Utapata kitu laini kinachotoka maji, hakifai hata kwa kachumbari. Kilichotokea ni kwamba maji yaliyomo ndani ya nyanya yaligeuka barafu, na barafu ina ncha kali kama vipande vya chupa. Ilitoboa kuta za chembechembe zote. Chembe ya mbegu ya ng'ombe nayo ina ukuta mwembamba na maji ndani. Ukiigandisha hivi hivi tu, inatobolewa vile vile.

Kwa miaka mingi wataalamu walishindwa kuvuka hapo. Njia ilipatikana mwaka 1949 huko London, na ilipatikana kwa makosa, jambo ambalo hunifurahisha kila ninapolisimulia. Watafiti watatu, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes, walikuwa wanajaribu kugandisha mbegu za jogoo kwenye maji yenye sukari ya matunda. Hazikuishi. Siku moja wakatumia chupa iliyokuwa imekaa kwenye hifadhi ya baridi, na mbegu zikaamka zikiogelea. Walipotengeneza dawa mpya ya sukari, zikafa tena. Ikabidi wapime kilichobaki kwenye ile chupa ya bahati. Hapakuwa na sukari hata kidogo. Lebo zilikuwa zimechanganywa, na ndani mlikuwa na gliseroli pamoja na ute wa yai. Gliseroli ni ile ile gliserini ambayo dada zetu wananunua duka la dawa kupaka ngozi. Inaingia ndani ya chembe, inashikamana na maji, na kuyazuia yasijenge ncha kubwa za barafu. Hadi leo mrija unaouona mkononi mwa mhimilishaji una gliseroli na mara nyingi kiini cha yai ndani yake.

Hata hivyo, gliseroli inaisaidia mbegu kuvuka mlango wa kuganda tu. Kuishi huko ndani kwa miaka ni suala la baridi kiasi gani.

Friza ya nyumbani au ya duka la nyama ni nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri. Kwetu sisi hiyo ni baridi kali, lakini kwa mbegu ni kama kivuli cha mti tu. Bado kuna maji ambayo hayajaganda katikati ya barafu, bado kuna kemikali zinafanya kazi polepole, na ndiyo maana hata nyama ikikaa mwaka kwenye friza inapata harufu ya mafuta yaliyochacha. Zamani mbegu zilihifadhiwa kwenye barafu kavu, nyuzi 79 chini ya sifuri. Zilikaa vizuri zaidi, lakini kadiri muda ulivyokwenda nguvu yake ilipungua, ndipo watu wakahamia kwenye naitrojeni ya maji, ambayo huchemka ikiwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Ndiyo, inachemka! Ule moshi mweupe unaoona mhimilishaji akifungua mtungi ni dalili ya baridi hiyo.

Ukishuka chini ya nyuzi 130 hivi chini ya sifuri, maji yanakuwa kama kioo. Hakuna kinachosogea humo na hakuna kemikali inayofanya kazi. Chini ya hapo saa ya mbegu imesimama. Ukipanda juu ya hapo, saa inaanza kutembea tena, na jambo baya zaidi ni kwamba vipande vidogo vidogo vya barafu vinaanza kuungana kuwa vikubwa. Umewahi kula aiskrimu iliyoyeyuka kidogo kisha ikagandishwa tena? Inakuwa na punje punje za barafu mdomoni. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Punje hizo ulimi wako unazivumilia, chembe ya mbegu haiwezi.

Mtu akikubishia kuhusu miaka, mpe mfano huu. Mwaka 1968 huko Australia waligandisha mbegu za madume ya kondoo aina ya Merino. Zikakaa kwenye naitrojeni miaka hamsini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney wakaja kuzitoa na kuzijaribu, matokeo wakayatangaza mwaka 2019. Kati ya kondoo majike 56 waliohimilishwa kwa mbegu hiyo ya zamani, 34 walishika mimba, sawa na 61 kwa kila 100. Kwa mbegu iliyogandishwa mwaka mmoja tu, walishika 618 kati ya 1,048, sawa na 59 kwa kila 100. Yaani hakuna tofauti ya maana. Baadhi ya wanakondoo walitoka na ngozi ya makunyanzi kama kondoo wa miaka ile, kwa sababu siku hizi madume ya namna hiyo hayachaguliwi tena. Walizaliwa kutoka zama nyingine kabisa.

Kwa hiyo tarehe ya miaka sita kwenye mrija wa kijana wetu ni tarehe ya kukusanywa mbegu. Si tarehe ya mwisho wa matumizi.

Maabara wanapimaje?

Kituo chochote cha mbegu, kikiwemo cha taifa kilichopo Usa River, Arusha, ambacho wengi mnakijua kama NAIC, hakiwezi kutoa mirija bila kujua kama kilichomo kiliamka. Na hapa kuna ugumu ambao nataka muuone: kuupima mrija ni kuuua. Ukishauyeyusha umekwisha, huurudishi. Huwezi kupima kila mrija kisha ukauza ule ule uliopima. Unachofanya ni kuchukua michache kutoka kwenye bechi moja, yaani mirija ya dume mmoja iliyogandishwa siku moja, unaiyeyusha hiyo, na unakubali kwamba inasema kweli kwa niaba ya wenzake.

Mrija unatolewa kwenye naitrojeni na kuzamishwa kwenye maji ya nyuzi 37, joto la mwili wa ng'ombe kwa karibu. Baada ya nusu dakika hivi unafutwa, unakatwa, na tone moja linawekwa kwenye kioo cha hadubini ambacho nacho kimepashwa moto. Hapo mtaalamu anahesabu ni wangapi kati ya mia wanaogelea kwenda mbele. Anayetikisika mahali pamoja hahesabiwi, wala anayezunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Vituo vingi huweka mstari karibu na 40 kwa kila 100. Usishtuke ukaona ni ndogo. Karibu nusu hufa wakati wa kugandishwa hata kazi ikifanywa vizuri, ndiyo maana mrija mmoja mdogo wa robo mililita hujazwa chembe kama milioni 20 tangu mwanzo.

Kuogelea peke yake hakutoshi. Mwingine anaamka kwa kasi, dakika kumi baadaye amechoka. Basi wanaacha lile tone kwenye joto kwa saa moja au zaidi, wanatazama tena. Wapo wanaotia rangi: chembe iliyokufa ukuta wake umetoboka, rangi inaingia na inaonekana ya waridi, aliye hai anabaki mweupe. Kipimo ninachokipenda mimi ni cha maji mepesi. Chembe ikiwekwa kwenye maji yenye chumvi kidogo sana, maji yanaingia ndani, na kama ukuta ni mzima mkia unavimba na kujikunja kama mkia wa nguruwe. Ukuta uliotoboka hauwezi kuvimba, sawa na mpira wenye pancha.

Hayo yote ni kipimo cha siku ya kwanza. Swali la uimara, yaani kama mbegu itabaki hivyo, linajibiwa kwa kurudi. Unatoa mirija mingine ya bechi ile ile baada ya miezi kadhaa, baada ya mwaka, unaiyeyusha kwa njia ile ile kabisa, halafu unalinganisha na rekodi ya siku ya kwanza. Ikiwa siku ya kwanza walikuwa 55 na leo ni 54, mtungi unatunza. Ikiwa leo ni 20, kuna siku mtungi ulipungua na mtu hakusema. Wataalamu wengine hufanya makusudi: wanautoa mrija hewani sekunde tano, mwingine kumi, mwingine thelathini, wanaurudisha, kisha wanapima ili kujua uvumilivu unaishia wapi. Majaribio ya namna hiyo ndiyo yaliyotupa ile kanuni ya kwamba ukiinua kikapu cha mirija usikipandishe juu ya shingo ya mtungi, na ndani ya sekunde nane hadi kumi kiwe kimerudi chini. Kanuni hiyo mhimilishaji anayepiga simu huku ameinua kikapu anaivunja bila kujua.

Kosa langu

Mwaka mmoja wa masika makali nilikuwa na mtungi mdogo wa lita tatu. Kikundi cha vijana upande wa Endasak walikuwa wamechukua mkopo wa halmashauri, wamenunua mitamba chotara, na tulikubaliana nitawahimilisha. Naitrojeni ilikuwa itoke Arusha. Barabara ikawa mbaya, gari likachelewa, mara kesho mara keshokutwa. Nilipopima kwa ile rula nyeusi ya plastiki, ukungu wa barafu ulionyesha sentimita chache tu chini kabisa. Nilijua si sawa. Nikajiambia bado kuna moshi, kwa hiyo bado kuna baridi. Naitrojeni ilipofika nikaujaza mtungi, ukatoa moshi mzuri, mirija ikawa migumu kama kawaida. Nikaenda kazini.

Nilihimilisha mitamba 12. Kwa kazi ya kawaida huku kwetu nategemea watano au sita washike kwa mara ya kwanza. Alishika mmoja.

Awali nilisema ni joto halikuonekana vizuri. Nikasema ni lishe. Nilisema kila kitu isipokuwa mtungi. Ilipofika mzunguko wa pili nao wanarudi, nikaubeba mtungi wenyewe hadi maabara. Walitoa mirija minne wakaiyeyusha. Mitatu hapakuwa na kitu kinachosogea. Wa nne walikuwepo wachache wanatetemeka tu. Yule fundi wa maabara, mtu wa maneno machache, akaenda akatoa mirija miwili ya bechi ile ile iliyobaki kwenye hifadhi yao, akaiyeyusha mbele yangu, akanisogezea hadubini. Wanaogelea kama samaki wa ziwa Bassotu. Dume yule yule, tarehe ile ile. Tofauti ilikuwa mtungi wangu.

Hicho ndicho kipimo cha uimara kwa ukamilifu wake, na nilikilipia mimi na wale vijana. Mirija ile iliyeyuka kidogo bila kuonekana, ikaganda tena nilipojaza, na ikakaa inangoja kana kwamba haina neno.

Nilirudi Endasak nikawaeleza. Mama mmoja, mzazi wa kijana mmojawapo, hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu, ungetuambia mapema tungeazima dume." Tuseme mtamba ule angetoa lita 10 kwa siku na lita ni shilingi 1,000. Kila mzunguko uliopotea ni siku 21, yaani shilingi 210,000 zilizochelewa, na marejesho ya mkopo hayasubiri ng'ombe. Zidisha kwa mitamba 11, kwa mizunguko miwili. Tangu siku hiyo mtungi ukishuka chini ya nusu simhimilishi mtu, hata akinibembeleza.

Chanjo ya ndigana kali nayo ni hivyo hivyo

Ndugu zangu wa Hanang mnaofuga ng'ombe wengi, hapa pananihusu kuwaita. Chanjo ya ndigana kali mnayochanja ndama na kuwavalisha hereni inatunzwa kwenye naitrojeni kama mbegu. Njia hii ilitengenezwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, na wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wamekuwa wakiitumia kwa wingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Ndani ya mrija mna vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe vilivyotolewa kwenye kupe waliosagwa, vya aina tatu zilizochanganywa. Ndama anachomwa vijidudu hivyo pamoja na oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu, ili augue kidogo sana, apone, na abaki na kinga.

Vijidudu hivyo vikifa mtunguni, ndama hapati kinga. Na huku ndiko kubaya kuliko mbegu. Mbegu ikiwa imefeli, ng'ombe anakuambia mwenyewe baada ya siku 21. Chanjo ikifeli hakuna anayekuambia. Unaona hereni sikioni, unapunguza kuogesha, halafu kupe wanakuja na ndama anavimba tezi chini ya sikio, homa, anapumua kwa shida, amekwenda.

Kuipima maabara ni kazi zaidi. Kutazama kwa hadubini hakutoshi, kwa sababu kijidudu hiki hakiogelei kukuonyesha kama ni mzima. Bechi hujaribiwa kwa ng'ombe wenyewe, makundi makundi, kila kundi kipimo tofauti, ili ijulikane ni kiasi gani kinatosha kumpa kinga bila kumuua. Kazi hiyo ni ya miezi na ni ya gharama, ndiyo maana chanjo ile si rahisi bei.

Mrija mmoja unatoa dozi 30 hadi 40. Ukishayeyushwa na kuchanganywa unawekwa kwenye barafu ya kawaida, na nguvu inapungua saa hadi saa. Haugandishwi tena, na haulazwi hadi kesho kwenye friji ya duka. Basi mtaalamu akikuambia ukusanye ndama wa majirani watano kabla hajafungua mrija, usifikiri anataka kuongeza wateja. Na akija saa kumi jioni na chupa aliyoichanganya asubuhi kijiji kingine, mwambie arudi siku nyingine. Una haki hiyo.

Nikiwa hapo hapo, neno moja kuhusu damu. Wapo wanaonipigia kuwa wamechukua damu ya ng'ombe anayetupa mimba wakaiweka friza wakisubiri usafiri wa kwenda maabara ya veterinari Arusha. Msigandishe damu nzima. Chembe nyekundu zinapasuka, maji yote yanakuwa mekundu, na maabara wataikataa. Iacheni itulie igande yenyewe kivulini, yale maji ya njano yanayojitenga juu ndiyo yanayotolewa na kugandishwa, na yagawanywe kwenye vichupa vidogo kadhaa. Kila kuyeyusha na kugandisha upya kunapunguza kinachotafutwa, kwa hiyo kichupa kimoja kwa kipimo kimoja.

Wewe zizini unafanya nini

Huna hadubini, sawa. Lakini mhimilishaji akifika kwako kuna mambo unayaona kwa macho. Mwombe apime naitrojeni mbele yako kwa rula, ukungu wa barafu utaonyesha imefika wapi. Atakayekasirika kwa ombi hilo, jiulize kwa nini. Tazama anavyoutoa mrija: kichwa cha kikapu kibaki ndani ya shingo, kibanio kiingie kichukue, mara moja kwenye maji ya vuguvugu. Maji hayo yapimwe kwa kipimajoto, si kwa kidole. Nyuzi 35 hadi 37. Nimeona watu wanayeyushia mfukoni, wengine mdomoni, jamani.

Halafu kuna jambo la kwetu peke yetu. Vitabu vingi vimeandikwa na watu ambao hawajasimama zizini Mbulu saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba. Mrija umeyeyushwa vizuri hadi nyuzi 37, kisha unaingizwa kwenye bunduki ya chuma iliyolala kwenye boksi la pikipiki usiku kucha. Mbegu inapata mshtuko wa baridi na kufa ikiwa tayari iko mkononi. Bunduki isuguliwe ipate joto, mrija ukaushwe vizuri kwa sababu hata tone la maji linaiua, na bunduki ikishapakiwa iwekwe ndani ya koti kifuani hadi kwa ng'ombe. Msimu wa baridi mimi huvaa koti kubwa kwa sababu hiyo, si kwa urembo.

Na kama unapanda gari dogo pamoja na mtungi, fungueni vioo. Ile hewa inayotoka haina harufu wala haina sumu, lakini inasukuma nje hewa tunayovuta, na mtu analala bila kujua.

Kisha daftari. Hapa ndipo wewe unapoingia kwenye kipimo cha maabara. Kuogelea chini ya hadubini ni dalili, ila mimba ndiyo ushahidi. Mrija mtupu usiutupe, ubandike kwenye daftari kwa gundi au selotepu. Una jina la dume, namba yake, tarehe ya bechi. Pembeni andika siku na saa uliyoona joto, saa aliyohimilishwa, nani alihimilisha, na siku 21 zitaangukia lini. Ukirudi ng'ombe mmoja, hiyo ni bahati mbaya. Wakirudi wanane wa wafugaji wanne tofauti kwa bechi moja na mtungi mmoja, tuna kitu cha kupeleka maabara, na kituo kinaweza kwenda kwenye hifadhi yake kutoa mirija ya bechi hiyo na kuilinganisha. Bila daftari zenu mimi nina malalamiko tu, na malalamiko hayawekwi chini ya hadubini.

Tumrudie kijana wa Dongobesh. Kwa vile alikuwa ametunza mirija yote mitatu, nilifuatilia ile bechi. Wafugaji wengine watano walitumia mbegu hiyo hiyo kutoka mtungi huo huo miezi hiyo hiyo, na ng'ombe watatu kati ya hao wana mimba. Mbegu ilikuwa hai. Nikamwomba daftari. Mara zote tatu aliona ng'ombe anasimama kupandwa na wenzake asubuhi, akaenda shamba la vitunguu, akapiga simu usiku, na mhimilishaji akaja kesho yake mchana. Zaidi ya saa 24 zimepita, yai limeshachoka. Anayeonekana asubuhi ahimilishwe jioni ile ile, anayeonekana jioni ahimilishwe asubuhi inayofuata.

Safari ya nne alipiga simu saa moja asubuhi, na saa kumi na moja jioni kazi ilikuwa imekwisha. Siku 21 zilipita Jumanne iliyopita na hajarudi. Siku 60 zikitimia nitakwenda kumpima kwa mkono.